Boila Iliyopakwa Rangi Kabla ya Kupimwa

Nilianza kuishuku ile boila siku niliyouliza swali moja nikapata majibu mawili.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwishoni mwa majira ya baridi, tumetoka kanisani. Mume wangu na rafiki yake walikuwa kwenye gereji ya nyumba yetu, hapa Maple Grove, Marekani, wamesimama mbele ya meza. Juu ya meza kulikuwa na boila ya shaba, pipa la kuchemshia maji yawe mvuke, ndefu kama mkono wangu kutoka begani hadi ncha za vidole, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Ilikuwa sehemu kubwa ya mwisho ya kichwa cha treni cha mvuke walichokuwa wakikiunda kwa miaka miwili, kidogo kiasi cha kubebwa na watu wawili, lakini chenye nguvu ya kumvuta mtu mzima na watoto kadhaa waliokaa kwenye vitoroli nyuma yake. Mpango wao ulikuwa kukiwasha kiangazi, kwenye mkusanyiko wa Watanzania kando ya ziwa, watoto wapande kwa zamu.

"Mmeshaipima?" niliuliza.

"Bado," akasema mume wangu.

"Ndiyo," akasema rafiki yake, wakati uleule.

Wakatazamana. Rafiki yake akacheka kidogo, akafuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na uchafu wowote. "Namaanisha niliitia maji kidogo tu, shemeji, nione kama iko sawa. Si test ya ukweli."

Nilirudi jikoni kuandaa chakula, lakini lile "ndiyo" lilinikaa moyoni.

Mimi ni mfamasia wa hospitali. Kazini kwetu, dawa kali haimfikii mgonjwa mpaka watu wawili wameipiga hesabu kila mmoja peke yake, na yule wa pili haruhusiwi kuona jibu la wa kwanza kabla ya kupata la kwake. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi hata nyumbani nimekuwa hivyo. Binti yetu hulalamika kwa Kiingereza chake kwamba kuishi na mimi ni kama kuishi na mkaguzi. Sijawahi kumbishia.

Rafiki yake mume wangu ni Mkenya, anaishi Eagan, mji usio mbali na kwetu, kazi yake ni kutengeneza mashine za hospitali. Tulifahamiana tukiwa wanafunzi, tulipokuwa tukipanga kwenye maghorofa ya mtaa wa Cedar-Riverside, mlango wake ukitazamana na wetu. Alitufundisha kuendesha gari kwenye barafu. Binti yetu alipozaliwa, yeye ndiye aliyetupeleka hospitali. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumshuku, na ndiyo maana shaka ile ilinisumbua zaidi.

Mume wangu amekulia Tabora, kwenye nyumba za reli. Baba yake alikuwa dereva wa treni, na enzi za utoto wake vichwa vya mvuke vilikuwa bado vinafanya kazi kule. Ameishi Marekani zaidi ya nusu ya umri wake akiandika programu za kompyuta, lakini ukimtajia treni za mvuke anabadilika sura. Rafiki yake ndiye aliyemwingiza kwenye uundaji wa vichwa vidogo, na wakaanza pamoja.

Baba mkwe alifariki mwezi wa kwanza. Mume wangu akaenda kuzika. Alipokuwa Tabora, rafiki yake alikuja nyumbani kwangu na gari la kubebea mizigo, akasema anaichukua boila akaimalizie kwake, ili mwenzake akirudi akute kazi imekamilika. Niliona ni wema. Nilimsaidia kuibeba. Wakati ule ilikuwa bado shaba tupu, ina rangi yake nyekundu na madoa ya moto kila mahali. Iliporudi ilikuwa nyeusi, inameremeta.

Jioni ya Jumapili ile, rafiki yake alipoondoka, nilimuuliza mume wangu: "Kwa nini imepakwa rangi kabla ya kupimwa?"

"Ametaka kunifurahisha."

"Na ikivuja mtaonaje, chini ya rangi?"

"Haitavuja."

"Nani atakayeipima?"

"Yeye. Ana pampu na geji. Anajua kazi."

"Yeye ndiye aliyeitengeneza."

Aliweka kijiko chini. Tangu arudi msibani alikuwa amepungua, mashati yanampwaya, na nilikuwa nikijilazimisha kumsemesha polepole. "Mama watoto," alisema, "humwamini yeye au huniamini mimi?"

"Watoto wa watu watakaa nyuma ya kitu hicho," nilisema. "Nataka mtu ambaye hakuigusa."

Siku zilizofuata alikuwa akinijibu kwa maneno mafupi ya adabu, ambayo kwa mume wangu ni hasira.

Mimi mwenyewe nilimtafuta mtu wa kuipima. Kulikuwa na chama cha watu wa treni ndogo, nikawapigia simu, wakanielekeza kwa mama mmoja wa mji wa Saint Paul ambaye kabla ya kustaafu alikuwa akikagua maboila makubwa ya majengo, na sasa anawakagulia wanachama ya kwao madogo. Nilipompigia aliniuliza maswali kama ninayowauliza wagonjwa: nani aliiunda, nani aliichomelea, imewahi kuwashwa, imewahi kutiwa maji. Swali la mwisho lilikuwa kama imepakwa rangi.

"Ndiyo," nilisema.

Akajibu: "Iondoeni yote kabla sijafika. Sikagui rangi."

Nakiri kwamba hata yeye nilimshuku. Ukiwa Mwafrika hapa unajifunza kusikiliza kile ambacho mtu hajakisema. Nilijiuliza kama mwanachama Mzungu naye angeambiwa abandue rangi, au ni sisi tu. Nilipiga tena kwa yule wa chama kumuuliza, nikijifanya nimesahau kitu. Akasema ni kwa kila mtu, na kwamba mwaka uliopita mama yule alimrudisha nyumbani hata mwenyekiti wao.

Mume wangu alipopata habari hakugombana. Alinunua dawa ya kubandulia rangi, akaifungua gereji Jumamosi asubuhi. Haikupita hata robo saa rafiki yake akafika, bila kualikwa, amevaa nguo za kazi.

"Wacha nifanye hii mimi," alimwambia. "Wewe pumzika, bro. Umetoka msibani."

"Nimetoka msibani zamani," mume wangu akasema.

Nilichukua kiti, nikakaa mlangoni na kikombe cha chai, nikawa kama mtu anayeota jua, ingawa hakukuwa na jua lolote. Rafiki yake alinitupia jicho. "Shemeji, leo umekuwa polisi."

"Nakunywa chai tu, shemeji."

Walibandua pipa zima, rangi ikitoka kwa mikunjo, shaba ikajitokeza. Walipofika nyuma, kwenye sehemu ya chini linapokaa sanduku la moto, rafiki yake akasema pale hakuna haja, ni mahali pabaya kufikia, na huyo mama hatainama mpaka huko. Mume wangu alikubali haraka. Alikuwa amechoka na harufu ya dawa ilikuwa inamwumiza macho.

"Bandueni na hapo," nilisema.

"Shemeji, pale ni —"

"Amesema yote."

Rafiki yake alichukua brashi akapabandua mwenyewe, amenipa mgongo. Alipomaliza akaigeuza boila, sehemu ile ikatazama ukuta. Sikuwa na ujuzi wa kujua ninachokitafuta, lakini nilijua nimeona mtu akificha kitu. Usiku ule nililala vibaya. Kilichonitesa ni kwamba sikujua kama wanaficha wote wawili au mmoja.

Mama wa Saint Paul alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, amebeba sanduku la vifaa kama la daktari wa zamani. Rafiki yake mume wangu naye alikuwapo. Nilikuwa nimetumaini asingekuja, kisha alipokuja nikaona ni afadhali nimwone.

Nilidhani mkaguzi ataanza na pampu. Hakuigusa. Aliomba boila iwekwe karibu na mlango penye mwanga, akatoa tochi na kioo kidogo kwenye kijiti kama cha daktari wa meno, akaanza kuitazama. Alitazama kila mshono, kila mrija, kila kijiti cha shaba kinachoshikilia kuta za ndani na nje zisiachane mvuke unapojaa. Alikuwa akimuuliza mume wangu mambo, naye akajibu, mwanzoni kwa kujihami, kisha taratibu akaanza kufurahia kuulizwa. Aliisifu mishono ya mbele. Nikamwona mume wangu akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Ndipo akafika nyuma, chini. Kioo kikasimama.

"Mlitumia lehemu gani hapa?" aliuliza.

"Ya fedha," mume wangu akasema. "Kila mahali ni ya fedha."

"Hii ni ya kijivu."

Alitoa kisu cha mfukoni, akakwaruza kidogo pembeni mwa kijiti kimoja. Unyuzi laini ukakatika, ukajikunja kwenye ncha ya kisu kama jibini. Akautia kwenye kiganja akamwonyesha mume wangu.

"Hii ni lehemu ya risasi," alisema. "Ile ya kuungia nyaya. Fedha haikatiki hivi. Nani aliiweka?"

Mume wangu aliutazama ule unyuzi, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Halafu akageuka. Rafiki yake alikuwa amesimama kando ya meza, mikono mfukoni.

"Ni mimi," alisema. Alisema kwa Kiswahili, na mkaguzi akasubiri bila kuuliza tafsiri. "Ukiwa Tabora niliipima. Ikavuja pale, tone tone. Kufungua yote na kuchomelea upya ingechukua miezi. Wewe ulikuwa unazika mzee. Kila nikikupigia ulikuwa unaongea juu ya hii treni tu, ati ukirudi utaiwasha, ati mzee angependa. Singeweza kukuambia. Nikaziba. Ikashika maji vizuri kabisa."

"Ukapaka rangi," nilisema.

"Nikapaka rangi."

Mume wangu akamfasiria mkaguzi kwa sentensi moja. Mama yule hakumkaripia mtu. Alifunga kisu chake, akasema kwamba bila shaka ingeshika maji, tena hata kwa presha mara mbili ya ile ya kazi, na kwamba yeye mwenyewe kama angeanza na pampu huenda angeipitisha. Maji ya baridi hayailegezi risasi. Lakini siku moto utakapowashwa chini yake na maji yakapungua kidogo kuliko inavyotakiwa, ile lehemu ingeyeyuka mapema sana, kabla dereva hajajua kuna tatizo, na kijiti kingebaki bila kitu cha kukishikilia, mvuke ukapasua ukuta ule na kufumuka.

"Na dereva anakaa wapi?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

Alionyesha kwa kidole. Ni nyuma, akiwa amelielekea lile sanduku la moto, uso ukiwa karibu kabisa. Na nyuma ya dereva ni watoto.

Akasema hatapima siku hiyo. Akasema pia kwamba risasi ikishaingia, lehemu ya fedha haishiki tena vizuri mahali pale mpaka kila chembe yake iondolewe, kwa hiyo kijiti hicho na pengine bamba lote la nyuma vitatolewa. Aliaga kwa heshima, akaniambia mlangoni nimpigie watakapokuwa tayari.

Mume wangu alitoka nje, akasimama kwenye njia ya gari bila koti. Rafiki yake akamfuata hatua kadhaa, kisha akasita, akaingia kwenye gari lake na kuondoka.

Nilimngoja aingie ndani. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitamuuliza mara moja tu, wazi, na jibu lolote nitakaa nalo.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Hata kidogo?"

"Ningejua ningekubali umwite yule mama?" Alikaa chini. "Nilikasirika nawe kwa sababu nilikuwa na hakika. Ningepanda mimi wa kwanza. Na nyuma yangu ningemweka nani? Mtoto wetu." Akafunika uso kwa mikono, na nikajua hadanganyi. Nilimletea koti, ingawa tulikuwa ndani.

Kiangazi kile mkusanyiko wa Watanzania ulifanyika bila treni. Watu walimuuliza, naye akawaambia ilikataliwa kwenye ukaguzi. Hakueleza zaidi. Mzee mmoja wa kamati aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wakaguzi wa huku hawapendi kuona Mwafrika ameunda kitu. Nilimwambia hapana, mkaguzi wetu alikuwa sahihi. Hakuniamini, nikaona ni aibu kubwa zaidi kumweleza ukweli.

Mume wangu aliitoa lehemu ya kijivu kwa patasi na tupa ndogo, jioni baada ya jioni. Aliondoa kijiti, akaondoa na vya jirani yake, mwishoni akakata bamba lote la nyuma akatengeneza jingine. Alifanya kazi peke yake na redio. Rafiki yake alikuwa akituma ujumbe kwenye simu, salamu za kawaida, na mume wangu alikuwa akijibu kwa kawaida, kama watu waliofahamiana kazini.

Majani yalipoanza kuanguka alikwama. Boila ya shaba inapochomelewa inatakiwa ipate moto mwili mzima, la sivyo shaba inanyonya joto lote na lehemu haitiririki. Moto mmoja hautoshi. Wanahitajika watu wawili, kila mmoja na kichomeo chake cha gesi, wanaojua kufuatana. Alijaribu peke yake akashindwa. Mimi nikajitolea, akanitazama jinsi nilivyokishika kile kichomeo, akakichukua taratibu akakizima.

"Mpigie," nilisema.

"Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Nitakaa nikitazama."

Rafiki yake alikuja na fimbo mpya za lehemu ya fedha zikiwa bado kwenye karatasi yake. Aliziweka mezani mbele yangu kabla ya kumsalimia mwenzake. "Kagua, shemeji."

Nilidhani ni kejeli. Nilimtazama usoni, nikaona si kejeli. Nilichukua kisu cha jikoni nikakwaruza fimbo moja. Haikukatika. Nikakwaruza na ya pili, na ya tatu. Alisubiri nimalize.

Kisha wakawasha. Hawakuzungumza ila maneno ya kazi: hapa, sogeza, rudi, sasa. Shaba ikawa nyekundu kama kaa la moto, lehemu ikakimbia kuzunguka mshono mpya, ikang'aa njano hafifu. Walipozima, mume wangu akavua glavu akasema, "Ungeniambia tu."

"Najua."

"Ningeudhika siku mbili."

"Najua, bro."

Yalikuwa hayo tu. Nilitarajia maneno zaidi, na kwa muda mrefu nilishuku kwamba yasiyosemwa yangerudi siku nyingine. Labda bado yatarudi.

Mkaguzi alikuja tena barafu ilipokuwa imeyeyuka. Mara hii boila ilikuwa shaba tupu, haina tone la rangi. Alitazama kwa kioo chake, akakwaruza sehemu zaidi kuliko mara ya kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Wakaijaza maji hadi hewa yote itoke, kwa sababu, alinieleza, maji peke yake yakipasua kitu yanatoka tu yakamwagika, lakini hewa na mvuke hutupa vipande. Alifunga geji yake kando ya geji yao ili zisomwe pamoja. Rafiki yake akaanza kusukuma mkono wa pampu.

Mishale ikapanda sambamba. Ilipofika mara mbili ya presha ya kazi, mkaguzi akainua mkono. Tukasubiri. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye ile mishale, nikaona yote miwili inashuka, kidogo sana.

"Inashuka," nilisema.

Rafiki yake aliweka pampu chini, rangi imemtoka. Nilikuwa tayari kumwuliza amefanya nini safari hii. Mkaguzi akapiga magoti, akazungusha tochi yake kuzunguka boila yote bila haraka, kisha akafuata bomba mpaka kwenye pampu. Alipitisha kidole chini ya nati inayounganisha bomba, akanionyesha kidole kikiwa kimelowa.

"Ni hapa. Si boila."

Akaikaza kwa spana, wakasukuma tena. Mishale ikapanda, ikasimama. Tulisubiri hadi nikakunja na kukunjua kitambaa cha mkononi mara kadhaa. Haikusogea. Baadaye, nje kwenye njia ya gari, waliwasha moto kwa mara ya kwanza, akaangalia valvu ya usalama ikifunguka pale inapotakiwa na kuutoa mvuke wote uliozidi hata moto ukichochewa kwa makusudi. Sauti yake iliwatoa majirani ndani. Akamkabidhi mume wangu cheti chake, akampa kila mtu mkono, na wa rafiki yake akaushika kwa muda zaidi kidogo.

Kiangazi hicho kando ya ziwa watoto walipanga foleni tangu asubuhi. Binti yetu, ambaye ameshakuwa mkubwa wa kujifanya hajali, alipanda mara nne. Mume wangu alikuwa mbele, uso unameremeta kwa jasho na masizi, anapiga filimbi kila kona. Rafiki yake alikuwa akitembea pembeni na ndoo ya maji, macho yake hayatoki kwenye kioo kidogo kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila. Alikuwa akikitazama kila hatua, hata watu walipomsemesha.

Mchana mume wangu alinipungia mkono nipande. Nilimwuliza rafiki yake maji yamefika wapi.

"Yako juu ya nusu, shemeji. Njoo uone."

Niliinama nikaona mwenyewe. Kisha nikapanda.